Taa nyekundu ikiwaka: simama kwanza, fungua baadaye



Kwa kawaida ukurasa huu unawaletea habari ya kofia ya kazi, ya vumbi la mgodi, ya maji ya kunywa na ya malaria. Leo tunatoka mgodini na kuingia uani, pale motokari inapolala. Msishangae. Watu wanaoumizwa na motokari zao wenyewe siku ya mapumziko wanakuja kwangu kama wale wanaoumia kazini, na mara nyingine wameumia vibaya zaidi, kwa sababu nyumbani hakuna mkubwa wa usalama anayepita kuangalia.

Jumapili moja, saa tisa ya mchana, hapa Mudzipela, mtoto wa jirani alikuja mbio hadi mlangoni kwangu. «Tonton dokta, papa ameungua!» (Watoto wa mtaa wananiita dokta. Mimi ni msaidizi wa mganga tu, lakini nimechoka kuwasahihisha.) Nilimkuta baba yake amekaa chini ya mti wa avoka, shati limeshikamana na kifua, uso mwekundu upande mmoja, ngozi ya mkono wa kuume imeanza kutoka. Mtu alikuwa amekwisha kumpaka dawa ya meno shingoni. Mwingine alikuwa anakuja na mayai.

Asubuhi ile alikuwa ametoka Kasenyi na vikapu vya samaki ndani ya Toyota yake ya zamani. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba kutoka ziwani hadi huku kwetu kuna zaidi ya mita 600 za kupanda, na motere inapanda ikiwa na joto la bondeni. Katikati ya mlima taa nyekundu ya joto iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Samaki hawangoji, na barabara ile si ya kusimama ovyo, basi aliendelea. Alipofika nyumbani mvuke ulikuwa unatoka mbele. Alichukua kitambaa cha bibi yake, akakishika kifuniko cha radiatere, akakizungusha.

Baadaye, nilipokuwa namfunga kidonda, aliniambia: «Dokta, taa niliiona. Nilifikiri ni taa tu.»

Ni kwa ajili ya maneno hayo naandika.

TAA ZINASEMA NINI

Motokari haina mdomo. Inasema kwa taa ndogo za tablo, mbele ya macho ya shofere, na lugha yake si ngumu. Rangi ya kijani au ya bluu ni habari tu: taa kubwa zimewashwa, unageuka kushoto. Rangi ya machungwa maana yake ni: kuna kasoro, nitazame karibuni. Rangi nyekundu maana yake ni: simama. Si kesho, si tukifika. Mgonjwa mwenye rangi ya machungwa anaweza kungoja zamu yake kwenye benchi la dispensari. Mwenye nyekundu tunampitisha mbele ya wote.

Alama zenyewe zinafanana karibu kwa motokari zote, ziwe zimetoka Japani au Ulaya. Birika dogo lenye tone ni mafuta ya motere. Kipimajoto kilichosimama ndani ya maji ni joto. Sanduku lenye alama ya kujumlisha na ya kutoa ni umeme wa betri. Duara lenye alama ya mshangao katikati ni breki, ambazo wengi hapa tunaziita freni. Zishikeni hizo nne kwa kichwa. Mama anayepanda mbele na mtoto wa darasa la nne wanaweza kuzijua pia, na mara nyingi wao ndio wanaoiona taa kwanza, kwa sababu shofere anatazama mashimo ya barabara.

Sasa kuna jambo ambalo wenye motokari za zamani wengi hawalijui, nami sikulijua. Weka ufunguo, uzungushe hatua moja kabla ya kuwasha motere, halafu tazama tablo. Taa za hatari zinatakiwa kuwaka hapo: ya mafuta, ya betri, ya motere, na kwa motokari zilizo nazo, ya mifuko ya hewa. Hiyo ndiyo mashine inayojipima yenyewe. Ukiwasha motere, zinazimika moja kwa moja au baada ya nukta chache. Taa ya breki itazame kwa kuvuta breki ya mkono. Taa ambayo haiwaki kabisa wakati wa kupima ni mbaya kuliko ile inayowaka njiani. Inayowaka inakuonya. Isiyowaka imekufa, au imeuawa.

Nasema imeuawa kwa sababu yangu iliuawa. Niliponunua motokari yangu ya kwanza, tayari ilikuwa imetembea miaka mingi kwa watu wengine. Aliyeniuzia alikuwa mtu wa maneno matamu, na tablo ilikuwa safi, hakuna taa hata moja. Nilifurahi kama mjinga. Baada ya miezi miwili motere ililia kama mashine ya kusaga, ikakamata, haikuzunguka tena. Fundi alipofungua tablo alikuta kipande cha plasta nyeusi juu ya taa ya mafuta. Kubandika plasta ni kazi yangu, nimefundishwa shuleni, lakini sikuwahi kufundishwa kuibandika juu ya ugonjwa ili usionekane. Kwa hiyo ukienda kununua motokari, kabla ya kutazama viti na rangi, omba ufunguo na ufanye jaribio hili. Halihitaji fundi, na ni la bure.

BIRIKA LENYE TONE

Watu wengi wanafikiri taa hii inasema mafuta yamepungua. Inasema neno kubwa zaidi: inasema mafuta hayasukumwi tena. Ndani ya motere kuna pampu inayopeleka mafuta kwenye kila chuma kinachosuguana, kama moyo unavyopeleka damu. Taa inawaka wakati msukumo huo umeshuka karibu na sifuri. Ikiwaka na wewe unaendelea «kidogo tu mpaka Iga Barrière», vyuma vinasagana vikavu, na motere inaweza kufa kwa dakika chache. Kwa hiyo zima motere mahali pa kwanza palipo salama. Ngoja dakika tano au kumi mafuta yashuke chini, motokari ikiwa mahali pa sawasawa. Vuta kijiti, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Kwa motokari nyingi ndogo, kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Kama yamepungua, ongeza na utazame chini kama kuna mahali panapovuja. Kama hayakupungua na taa bado inawaka, usiiwashe tena. Itavutwa kwa kamba hadi kwa fundi. Kuvutwa ni haya ya siku moja.

Lita moja ya mafuta ndani ya buti, iliyofungwa vizuri, ni dawa ya kwanza ya motokari ya zamani.

KIPIMAJOTO

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaungua.

Maji yanayozunguka ndani ya motere nzima yanakaa karibu na digrii 90. Sisi hapa Bunia tuko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana sufuria ya mama jikoni inachemka kwa digrii 96 hivi, wala si 100. Lakini kifuniko cha radiatere hakifanani na cha sufuria. Kina springi inayobana maji ili yasichemke mapema, basi ndani yanaweza kupita digrii 110 bado yakiwa maji. Unapokifungua, kile kibano kinaondoka mara moja. Maji yote yaliyokuwa yanazuiwa yanataka kuchemka kwa nukta ileile. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya karibu lita 1,600, na njia ya kutokea ni moja tu: kupitia mikono yako hadi usoni. Kitambaa hakisaidii kitu. Kinalowa na kushikamana na ngozi, kikiendelea kuichoma.

Basi taa ya joto ikiwaka, au mshale ukiingia kwenye nyekundu, fanya hivi. Kama bado unatafuta mahali pa kusimama, fungua hewa ya moto ya ndani ya motokari mpaka mwisho na ushushe vioo. Utatoka jasho, lakini ile hewa inaondoa joto kwenye motere. Simama, zima. Fungua boneti kwa kuvuta kishikio cha ndani, lakini kama mvuke unatoka usiinyanyue bado. Watoto wakae mbali. Kwa motokari nyingi feni ya mbele inaendeshwa na umeme na inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata kama ufunguo umetolewa. Nimeona kidole cha mtoto kilichojifunza hilo.

Halafu ngoja. Nusu saa ni kidogo, saa moja ni bora. Najua kwamba kuna barabara zetu ambako mtu hapendi kungoja saa moja, hasa jua likianza kushuka. Ndiyo sababu ya kutazama maji asubuhi kabla ya kuondoka, motere ikiwa baridi, wakati kifuniko kinafunguka kwa vidole viwili bila kumdhuru mtu. Kama umelazimika kusimama mahali pabaya, afadhali uombe motokari nyingine ikuvute kuliko kufungua kifuniko cha moto.

Mpira mkubwa wa juu wa radiatere ukiubonyeza na bado ni mgumu kama mpira wa kuchezea, ndani bado kuna kibano. Ukishapoa na kulegea, weka kitambaa kinene, geuza uso pembeni, zungusha kifuniko robo tu mpaka kwenye kituo cha kwanza. Kikitoa sauti ya nyoka, acha, ngoja. Kikinyamaza ndipo ukitoe. Maji yaongeze polepole. Maji ya baridi ya mto yakimwagwa ghafla ndani ya chuma chenye moto yanaweza kukipasua kichwa cha motere.

Na ujanja mmoja wa kuwatahadharisha: mara nyingine mshale wa joto unapanda sana, halafu unashuka wenyewe wakati motokari bado inakwenda vibaya. Msifurahi. Kipimo kinapima maji. Maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki hewani na kinasema uongo.

MTU AKISHAUNGUA

Toa nguo iliyolowa maji ya moto, isipokuwa ile iliyoshikamana na ngozi. Toa pete na saa haraka, kabla vidole havijavimba. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya kawaida, ya bomba au ya mtungi, dakika 20 kwa saa. Kama maji ni machache, chota na umwagie polepole, lakini usiache mapema: yanaondoa joto lililoingia ndani ya nyama na yanapunguza maumivu. Barafu hapana. Dawa ya meno hapana, mayai hapana, asali, mafuta ya motere, unga, majivu, vyote hapana. Vinafungia joto ndani, vinaleta wadudu wa kidonda, na mimi napoteza nusu saa kuvisugua huku mgonjwa analia. Wakati unamwagia maji, mwili mwingine uufunike blanketi asishikwe na baridi, hasa mtoto. Halafu funika kidonda na kitambaa safi kisicho na nyuzi nyingi, bila kukaza. Malengelenge usiyapasue.

Mlete kwetu, hata kama ni Jumapili, ikiwa pameungua uso, mkono, mguu au sehemu za siri, au ikiwa paliungua ni pakubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ikiwa ni mtoto mdogo. Kidonda cha moto kinaweza pia kuleta pepopunda. Tutakuuliza sindano ya mwisho ulichomwa lini, kwa hiyo lete na karatasi yako.

BETRI

Taa ya betri ikiwaka njiani, betri yenyewe huenda ni nzima. Kilichokufa ni mashine inayoilisha, au mkanda unaoizungusha. Motere ikifanya kazi vizuri, fundi mwenye kipimo anasoma karibu volti 14 kwenye betri. Motere ikizimwa, betri iliyojaa inasoma karibu 12.6. Bila kulishwa, motokari inakula akiba. Mchana unaweza kufika mahali, zima redio na taa. Usiku taa zako zinafifia mbele ya macho yako, kisha motere inazimika. Na kwa motokari nyingi za zamani mkanda huohuo unazungusha na pampu ya maji. Kwa hiyo taa ya betri ikifuatwa na ya joto, simama. Mkanda umekatika.

Betri ni chupa ya tindikali na ya hewa inayolipuka. Usiku mmoja kijana aliwasha kiberiti ili aone kama maji ya betri yamepungua. Aliona. Tuliyasafisha macho yake kwa zaidi ya nusu saa, na namshukuru Mungu kwamba anasoma gazeti hili leo. Tumia tochi. Usivute sigara karibu. Tindikali ikiingia machoni, shika kope wazi na umwagie maji safi bila kusimama dakika 20 au zaidi, halafu njoo mbio. Unapofungua waya, anza na ile ya kutoa. Unapofunga, ile ya kutoa iwe ya mwisho. Pete vueni. Dhahabu, hata ikiwa ni hii yetu ya Ituri, inapitisha umeme vizuri sana, na kati ya ufunguo wa chuma na betri pete inakuwa nyekundu kidoleni kwa nukta moja.

FRENI

Ikiwaka taa ya breki, kwanza tazama kama umeisahau breki ya mkono. Tunacheka, lakini nusu ya matatizo inaishia hapo. Kama imeshushwa na taa bado inawaka, fungua boneti na utazame kichupa cha mafuta ya breki. Mafuta yale hayaliwi na motere. Yakishuka kuna sababu mbili tu: vibao vya breki vimekwisha, au kuna mahali panapovuja. Mtu anayeongeza mafuta na kuondoka bila kutafuta sababu amefanya kama yule anayekunywa dawa ya kuondoa homa bila kupimwa malaria. Taa imezimika, ugonjwa uko palepale.

Kanyaga pedali. Ikizama mpaka chini, au ukikanyaga ni laini kama sifongo, motokari haiendi popote, wala kwa ndoa wala kwa kilio.

Ndani ya kichupa kile watu wanamimina vitu vya ajabu: mafuta ya motere, maji ya sabuni. Mafuta ya motere yanavimbisha na kuozesha mipira ya ndani. Maji yanachemka. Soma kifuniko, kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, na uweke hiyo. Hata hiyo inazeeka, kwa sababu inavuta unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 yanastahimili angalau digrii 205 kabla ya kuchemka, lakini yakishavuta maji asilimia 4 hivi, yanaweza kuchemka kwa digrii 140. Ndiyo maana fundi anasema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, wala hakutafuti pesa. Sasa fikirini mteremko wa kwenda Kasenyi, na mzigo, na shofere anayekanyaga breki kutoka juu hadi chini. Breki zinapata moto, mafuta yanachemka, pedali inazama, na chini kuna watu sokoni. Teremka kwa gia ya pili, au ya kwanza, motere ikuzuie. Breki uikanyage kwa vipindi, uiachie ipoe. Pedali ikizama ghafla, ikanyage harakaharaka mara nyingi, shuka gia moja moja, vuta breki ya mkono taratibu, na uchague tuta au kichaka kabla bonde halijakuchagua wewe.

TAA ZA MACHUNGWA, KWA HARAKA

Taa yenye umbo la motere inahusu kompyuta ndogo inayogawa petroli na umeme wa mishumaa. Ikiwaka bila kuchezacheza na motokari inakwenda sawa, enda kwa fundi wiki hii. Kwa motokari za karibuni, ikiwa inapepesa, cheche zinakosa. Punguza mwendo, usibebe mzigo. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na ya 1990 zina kisanduku cha waya chini ya boneti, chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Fundi anayaunganisha kwa kipande cha waya, anazungusha ufunguo bila kuwasha motere, na taa inapepesa hesabu: mbili, nafasi, mbili, ni 22, kipimo cha joto la maji. Lakini hesabu inataja mahali pa maumivu, haitaji ugonjwa. Kabla ya kununua kipimo kipya, fundi atazame waya wake. Panya wa Mudzipela wanapenda waya.

Wenye motokari za mazuti: ngoja ile taa ya waya uliojikunja izimike ndipo uwashe. Taa ya maji ndani ya chujio, ikiwaka, chujio litolewe maji kwa kile kifungo cha chini. Ukinunua mafuta ya bidoni kando ya barabara utaiona mara nyingi. Na Toyota za mazuti zenye maandishi T-BELT kwenye tablo: taa hiyo inawaka baada ya kilometa 100,000 kwa nyingi, kuonya kwamba mkanda wa ndani wa motere ufikie zamu ya kubadilishwa. Ukikatika njiani, motere imevunjika. Wako watu wanaoizima taa bila kubadilisha mkanda. Tumekwisha kuzungumza habari ya plasta.

Taa ya mifuko ya hewa msiiguse wenyewe. Ndani ya usukani kuna baruti.

KUTENGENEZA BILA KUUMIA

Jeki ni ya kunyanyua, si ya kushikilia. Hakuna mtu anayeingia chini ya motokari iliyosimama juu ya jeki peke yake, hata kwa «dakika moja tu kutazama». Weka vigingi vya chuma au magogo mazito chini ya chasi, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Matofali ya kuchoma yanapasuka bila kukuambia. Ajali hii ndiyo sitaki kuiona tena, kwa sababu kwa ile niliyoiona dispensari haikuwa na kazi.

Usiwashe motere ndani ya nyumba au garaji iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Moshi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, unafikiri ni malaria, unakaa chini upumzike, huamki. Bomba la moshi lililotoboka chini ya viti linafanya kazi hiyohiyo polepole. Kama watoto wanatapika kila safari, bomba litazamwe kabla ya kuwapa dawa. Ukimkuta mtu ameanguka, zima motere kama unaweza, mtoe kwenye hewa, ita watu.

Petroli msiinyonye kwa mdomo. Tone linaloingia mapafuni linatosha kuleta ugonjwa mkali wa mapafu. Aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa ya kulazimisha, aletwe. Mafuta machafu ya motere si dawa ya kidonda wala ya upele. Yakikaa juu ya ngozi miaka na miaka yanaweza kuleta kansa. Oga kwa sabuni, fua nguo za fundi mbali na za watoto. Na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo: mengi yana asbesto, ambayo mapafu hayaitoi kamwe. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitupe kitambaa.

Jirani yangu alipona baada ya wiki sita. Kovu liko mkononi na shingoni. Jicho lilipona kwa sababu alikuwa anageuka kumjibu mtoto wake. Motokari ilipelekwa kwa fundi. Kilichoharibika kilikuwa mpira mmoja wa maji, mfupi kama kiganja, wenye ufa mdogo upande wa chini. Ulibadilishwa asubuhi moja, na mchana ilikuwa njiani tena kwenda Kasenyi.